Kata Juu ya Kifundo: Majibu kwa Wakuzaji wa Mimea ya Tangi la Samaki

Barua nyingi zilizonifikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mmea wa shina ulio ndani ya tangi la maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) unakatwaje, na kipande kilichokatwa kinakuzwaje hadi kiwe mmea mwingine. Ninaposema mimea ya mashina ninakusudia ile inayopanda juu kwa shina refu lenye majani kila baada ya hatua fupi, kama vile Rotala, Ludwigia, Hygrophila, Bacopa, Limnophila na Cabomba. Naomba tukubaliane mapema juu ya maneno matatu nitakayoyarudia mara kwa mara. Kifundo ni pale jani linapoota kwenye shina. Pingili ni sehemu ya shina iliyo kati ya kifundo kimoja na kingine, kama ilivyo kwa mwanzi. Jicho ni kichipukizi kidogo kilicholala kwenye kwapa la jani, kikisubiri nafasi ya kukua. Msomaji atakayeweza kuvitambua vitu hivyo vitatu ndani ya tangi lake ameshapata nusu ya jibu la karibu kila swali lililomo humu.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, nina tangi la lita 60 ambalo sehemu ya nyuma nimepanda Rotala rotundifolia na Ludwigia repens. Miezi mitatu iliyopita vilikuwa vishina vifupi. Sasa vimefika juu ya maji, vimelala na kutanda, na huku chini vimebaki vijiti vitupu. Naogopa kukata kwa kuwa nadhani mmea ukikatwa kichwa utakufa. Nikate wapi, na nilichokata nikifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, mmea wa shina haufi kwa kukatwa kichwa, na nadhani ukielewa kinachotokea ndani yake mkono wako hautatetemeka tena. Ncha ya shina, yaani yale majani machanga yaliyokunjamana kileleni, hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kupitia shina na kuyazuia macho yaliyo chini yasichipue. Ndiyo maana shina lisilokatwa hupanda moja kwa moja likitoa matawi machache au lisitoe kabisa. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha jambo hili kwa mmea mmoja wa jamii ya kunde: walipokata ncha, macho ya pembeni yalichipua, lakini walipoiweka homoni ile juu ya jeraha, macho yaliendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Kwa hiyo unapokata unayafungulia njia macho yaliyo karibu na jeraha, na palipokuwa na shina moja hutokea mawili, pengine hata matatu.

Kabla hujakata chochote, zamisha mkono, livute shina moja taratibu hadi karibu na kioo, kisha ulitazame kwa makini. Kwa Ludwigia repens utaona majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Kwa Rotala rotundifolia yanaweza kuwa mawili au matatu kwenye kifundo kimoja. Angalia pale jani linapoungana na shina, upande wa juu. Mara nyingi utaona kidoa cha kijani kibichi, kidogo kama kichwa cha pini, na wakati mwingine kimeshaanza kufunua vijani viwili vidogo mno. Hilo ndilo jicho, na hapo ndipo tawi jipya litakapotokea. Kata juu yake kidogo, ukiacha milimita 3 hadi 5 tu za shina. Ukikata katikati ya pingili ndefu utaacha kisiki kisicho na jicho wala jani, nacho huoza polepole hadi kifikie kifundo cha chini. Mkasi uwe mkali, maana mkasi butu hulibana shina na kuliponda, na shina lililopondwa huoza haraka kuliko lililokatwa.

Sasa nirudi kwenye vijiti vyako vitupu. Majani ya chini yameanguka kwa sababu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kivuli: mashina yalipofika juu na kutanda yaliziba mwanga, na jani lisilopata mwanga wa kutosha huugharimu mmea kuliko linavyouingizia. Ya pili ni njaa. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi ni virutubisho vinavyohamishika ndani ya mmea, na vikipungua majini mmea huvichota kutoka majani ya zamani na kuyapelekea machanga. (Chuma hakihamishiki kwa urahisi hivyo, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza kileleni, kwa majani machanga kuwa ya njano.) Kwa mashina yaliyofikia hali hiyo, kukata na kuacha kisiki chini hakutakupendeza, kwa sababu kisiki kisicho na majani hakina jiko la kupikia chakula chake, kinaweza kuchipua, lakini kwa kusuasua. Ng'oa mashina hayo, kata vilele vya sentimita 10 hadi 15 vilivyo na majani mazuri, uvipande upya mahali palepale, na sehemu ya chini uitupe. Vilele ndivyo sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Binafsi sipendi kung'oa kila kitu kwa siku moja. Ningefanya upande mmoja wa tangi leo na upande wa pili baada ya siku 10 au wiki mbili, ili maji yasikose majani ya kutosha yanayoyasafisha. Kisha, vipandikizi vyako vikishashika na kurefuka, usisubiri tena vifike juu ya maji: vikibakiza kama sentimita 5, vikate vikiwa vimesimama palepale, kwenye theluthi ya chini au nusu ya urefu wake, na uviache visiki vyenye majani vichipue. Ukataji unaofuata uwe sentimita 2 au 3 juu ya ule wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili, kwa sababu ukikata kila mara mahali pamoja utakuwa unaondoa matawi yote uliyoyangojea. Kwa njia hiyo kichaka kinanenepa kutoka chini. Baada ya kukatwa mara tatu au nne visiki huzeeka, vichipukizi vyake vinatoka vyembamba, na huo ndio wakati wa kuving'oa na kuanza tena kwa vilele.

SWALI: Nimejaribu kupanda vipandikizi vya Limnophila sessiliflora na Bacopa caroliniana mara nne, na kila nikiamka asubuhi nusu yake vinaelea. Nimevifunga kwa kile kipande cha risasi vilichokuja nacho, lakini baada ya wiki vikaoza pale vilipofungwa. Je, kuna dawa ya kuvishikisha?

JIBU: Dawa ni namna ya kuviingiza mchangani. Na kwanza kabisa, kifungue hicho kipande cha risasi. Hufungwa ili mashina yakae pamoja wakati wa kusafirishwa na kuuzwa, na ukiyapanda nacho hubana mashina yote mahali pamoja, maji hayapiti katikati yake, majani yaliyobanwa huoza na uozo huo huhamia kwenye mashina yenyewe. Sifongo iliyozungushiwa mashina nayo iondoe kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya kufungua, tenganisha kila shina na uliandae peke yake. Kata ncha ya chini iliyopondeka, tena chini kidogo ya kifundo safari hii, kwa kuwa mizizi hutoka vifundoni. Ondoa majani ya vifundo viwili au vitatu vya chini. Kwa Bacopa nakushauri uyakate kwa mkasi na kuacha vikonyo vifupi vya milimita chache badala ya kuyanyofoa, kwa maana vikonyo hivyo hufanya kazi kama vijino vya nanga vikishafunikwa na mchanga. (Utakapofanya hivyo, sugua jani moja la Bacopa caroliniana kati ya vidole uvinuse: lina harufu kali inayokaribia ya limau, na ni alama nzuri ya kuutambua mmea huu.) Limnophila ina majani membamba kama nyuzi yanayozunguka shina, huna haja ya kuacha chochote, yapangusie chini kwa vidole hadi shina libaki safi.

Kisha chukua kibano kirefu. Watu wengi hulishika shina katikati, wakalisukuma chini wima, wakakitoa kibano palepale kilipoingilia. Kibano kinapotoka hutoka na shina, au huacha shimo pana ambalo shina linachomoka usiku. Lishike shina karibu kabisa na ncha yake ya chini, ncha hiyo ikilala sambamba na ncha za kibano. Liingize mchangani kwa mshazari, kama nyuzi 45, hadi sentimita 3 au 4 zizame na angalau vifundo viwili viwe chini ya mchanga. Ukifika, simama kidogo. Fungua kibano polepole, kwa upana mdogo tu, na ukitikise kushoto na kulia ili mchanga uanguke na kulizunguka shina. Ndipo ukichomoe kwa kufuata mshazari uleule ulioingilia. Shina likibaki limeinama usijali, kwani litajinyoosha kuelekea kwenye mwanga ndani ya siku chache.

Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya shina na shina. Mchanga au changarawe yenye punje za milimita 1 hadi 3 hushika vizuri, na kina chake kisipungue sentimita 5 mahali unapopanda mashina; changarawe kubwa kuliko hiyo huacha mianya na haibani. Ikiwa una samaki wanaochimbachimba, vipandikizi vitang'olewa hata ukivipanda kwa ustadi wote. Kwa hali hiyo viache vielee juu ya maji kwa wiki moja au mbili hadi vitoe mizizi meupe ya sentimita kadhaa, ndipo uvipande. Shina lenye mizizi hushika mapema zaidi. Siku ya 10 hivi baada ya kupanda, livute shina moja kwa upole sana. Ukisikia linakataa, mizizi imeshaingia, nawe usiliguse tena.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwanafunzi. Nilipokata mimea yangu nikaona mapovu madogo yanatoka kwenye shina lililokatwa, mfululizo, kama uzi. Yaliendelea kwa muda mrefu. Je, mmea unavuja damu? Niliumiza?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kutazama kwa makini kiasi hicho. Mapovu uliyoyaona kwa sehemu kubwa ni oksijeni. Ndani ya shina la mmea wa majini kuna njia za hewa zinazopita kutoka majani hadi mizizi, ambazo huusaidia mmea kusimama bila kuwa na shina gumu na huipelekea mizizi hewa kule mchangani kusiko na hewa. Mwanga unapowaka majani hufanya usanisinuru: huchukua kabonidayoksaidi na maji, hutengeneza sukari, na oksijeni hubaki kama ziada ambayo sehemu yake huingia kwenye njia hizo. Ulipokata ulifungua mdomo wa njia hiyo, ndiyo maana mapovu yalipanga mstari kutoka sehemu moja.

Unaweza kulifanyia jaribio ambalo limefundishwa shuleni kwa miaka mingi. Chukua kipande cha Elodea au Egeria, kikate upya kwa mkasi mkali, kiweke ndani ya chombo cha kioo kilichojaa maji, upande uliokatwa ukitazama juu, kisha uweke taa karibu. Hesabu mapovu kwa dakika moja. Isogeze taa mbali kidogo, subiri dakika chache mmea uizoee hali mpya, uhesabu tena. Utaona idadi inapungua kadiri taa inavyokwenda mbali. Jeraha lenyewe halina madhara, nalo huziba lenyewe.

SWALI: Nilikata Egeria densa yangu vipande vifupi sita vya sentimita 6, nikavipanda vyote. Viwili vimekuwa virefu na kutoa matawi, lakini vinne vimekaa mwezi mzima bila kuchipua, na sasa vinakuwa vya kahawia. Maji ni yaleyale, mwanga ni uleule. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada yangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu jibu lake limo ndani ya shina lenyewe na hukuwa na njia ya kulijua bila kuambiwa. Nilichosema mwanzoni, kwamba kila kwapa la jani lina jicho, ni kweli kwa Rotala, Ludwigia na mimea mingi ya mashina, ila Egeria densa ina utaratibu wake. Matawi na mizizi yake hutoka kwenye vifundo maalumu tu, vinavyoitwa vifundo pacha, ambavyo ni vifundo viwili vilivyokaribiana mno kiasi kwamba pingili iliyo kati yao karibu haionekani. Hivi hutokea kila baada ya vifundo 6 hadi 12 hivi. Kipande kisicho na kifundo pacha kinaweza kubaki kijani kwa muda mrefu, kikila akiba yake, lakini hakina mahali pa kutolea mmea mpya.

Kuvitambua si vigumu ukishajua unachotafuta. Majani ya Egeria hulizunguka shina, kwa kawaida manne kwenye kila kifundo. Lipitishe shina polepole kati ya vidole vyako mbele ya taa, ukihesabu: manne, manne, manne, kisha ghafla utakutana na mahali majani yamesongamana, kama manane kwa mara moja. Hapo ndipo. Bila shaka vipande vyako viwili vilivyofanikiwa vilibahatika kuwa na mahali kama hapo, na vile vinne havikuwa napo. Kwa hiyo kwa Egeria kata vipande virefu zaidi, vya sentimita 15 hadi 20, na hakikisha kila kimoja kina angalau kifundo pacha kimoja. Viwili ni bora zaidi, kimoja kifukiwe kwa ajili ya mizizi na kingine kibaki juu kwa ajili ya matawi.

Hygrophila difformis iko upande wa pili kabisa wa jambo hili: hata jani lake moja lililokatika na kuelea juu ya maji linaweza kutoa mizizi pamoja na mmea mdogo. Ndiyo maana ninamwomba kila mkuzaji aujue mmea wake kwa jina kabla ya kushika mkasi.

SWALI: Vallisneria yangu ilifika juu ya maji nikaikata katikati kama ninavyokata mimea mingine. Sasa kila jani lina ukingo wa kahawia na hakuna tawi lililotoka. Vilevile nilikata kilele cha Anubias. Je, zitapona?

JIBU: Zitapona, lakini usitarajie matawi. Vallisneria si mmea wa shina: majani yake yote hutoka kwenye kitako kimoja kilicho mchangani, na jani likikatwa katikati halina jicho la kuchipua, hivyo ukingo uliokatwa hufa na kubaki na kovu. Jani lililo refu mno liondoe lote kutoka chini. Mmea huu hujizidisha kwa vitawi vinavyotambaa juu ya mchanga au chini yake kidogo, kila kimoja kikizaa mche mwishoni. Mche ukishakuwa na majani matano au sita na mizizi yake, kata kitawi na uuhamishe. Anubias nayo ina shina nene linalotambaa kwa mlalo, na hilo ndilo unalopaswa kugawa, kila kipande kikibaki na majani matatu au manne. Usilifukie shina hilo mchangani, maana litaoza. Lifunge juu ya jiwe au gogo kwa uzi.

SWALI: Mashina yangu ya Hygrophila yameota mizizi meupe kila kifundo, juu kabisa ya mchanga, na inaning'inia ovyo. Ni ugonjwa?

JIBU: Hapana. Mimea ya mashina hufyonza virutubisho kwa mizizi na kwa majani pia, na kutoa mizizi kwenye vifundo ni tabia yake ya kawaida, hasa mashina yanapokuwa marefu au mchanga unapokuwa na rutuba ndogo. Ikikukera machoni, ikate kwa mkasi, mmea hautadhurika. Mimi huiacha, kwa sababu shina lenye mizizi tayari ndilo la kwanza ninalolichagua ninapotaka kipandikizi.

SWALI: Nimenunua mashina yenye majani manene, mazuri, ya duara. Wiki mbili baada ya kuyapanda majani yakaanza kutoboka, kuwa kama kamasi na kuanguka. Nilitaka kuyakata ili nizidishe, sasa sijui kama nikate au nitupe.

JIBU: Usitupe, na usikate bado. Mimea mingi ya tangi hukuzwa kitaluni mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani, kwa kuwa hukua haraka zaidi huko. Jani lililoota hewani lina utando wa nta unaozuia lisikauke, na vitundu vya kupumulia hewa. Likizamishwa majini haliwezi tena kufanya kazi yake, na mmea huliacha life. Mahali pake hutokea majani ya majini, membamba na laini zaidi, mara nyingi yenye umbo tofauti kabisa hata ukadhani umeuziwa mmea mwingine. Rotala rotundifolia ni mfano mzuri: jina lake linasema juu ya majani ya duara, na kweli yaliyoota hewani ni ya duara, ilhali yale ya chini ya maji huwa marefu na membamba.

Ondoa kila siku majani yanayoyeyuka, kabla hayajachafua maji, na utazame kilele pamoja na makwapa. Ukiona vijani vipya vinatoka, mmea umeshavuka. Subiri shina hilo jipya lifike sentimita 8 hadi 10, lote likiwa na majani ya majini, ndipo ulikate na kulipanda peke yake. Huu ndio mbegu yako halisi, kwa sababu hautapitia tena mabadiliko yale. Sehemu ya zamani iliyobaki chini na majani yake mabovu unaweza kuing'oa bila majuto.

SWALI: Kila nikipunguza mimea kwa wingi, ndani ya wiki moja mwani wa kijani unafunika kioo na visiki. Nikiacha kukata, mwani haupo. Je, kukata ndiko kunakoleta mwani?

JIBU: Umeona sawasawa, na sababu inaeleweka. Jana ulikuwa na majani mengi yakinywa naitrojeni na fosforasi zinazotokana na samaki na chakula chao. Leo umeondoa sehemu kubwa ya majani hayo, lakini samaki ni walewale, chakula ni kilekile na taa inawaka saa zilezile. Isitoshe mwanga uliokuwa ukizuiwa na vilele sasa unafika hadi chini, na vipande vilivyokatika vikibaki majini huoza na kuongeza rutuba. Mwani unapata kila unachokitaka.

Fanya mambo haya kwa pamoja. Usikate zaidi ya theluthi moja ya mimea yote kwa siku moja. Zima chujio kabla hujaanza, ili vipande visivutwe kwenye mdomo wake na kuuziba; kusanya kila kinachoelea kwa wavu mdogo, hata vijani vya Limnophila ambavyo hujificha pembeni, ndipo uwashe tena. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji siku hiyohiyo, kwa maji ya joto linalolingana na la tangi na yaliyoondolewa klorini. Kwa wiki moja au zaidi kidogo punguza muda wa taa, kwa mfano kutoka saa 8 hadi 6 kwa siku, na upunguze chakula cha samaki kadiri wanavyoweza kuvumilia. Visiki vikianza kufunua majani mapya, rudisha mwanga taratibu. Ukiwa na mmea unaokua haraka na kuelea, kama Ceratophyllum demersum ambayo haina mizizi kabisa, uweke tangini kwa kipindi hicho. Utakunywa rutuba ambayo visiki bado haviwezi kuitumia.

SWALI: Vipandikizi vimezidi mahitaji yangu. Kuna mto mdogo si mbali na ninapoishi. Naona huruma kuvitupa kwenye taka. Je, nikiviweka mtoni vitaendelea kuishi?

JIBU: Vitaishi, ndugu yangu, na ndiyo sababu nakuomba kwa dhati usifanye hivyo. Yote niliyoeleza katika kurasa hizi, kwamba kipande chenye kifundo kinachofaa kinatosha kuzaa mmea, huwa kweli mtoni pia, na huko hakuna mkasi. Elodea canadensis, mmea wa asili ya Marekani ya Kaskazini, ulionekana Ayalandi mwaka 1836. Baada ya miaka michache ukawa Uingereza, ukasambaa na kuziba mifereji iliyopitisha mashua. Karibu mimea yote iliyoenea huko ilikuwa ya kike tu, isiyoweza kutoa mbegu, kwa hiyo uenezi ule mkubwa ulitokana na vipande vilivyokatika. Hydrilla verticillata iliingia Florida katika miaka ya 1950 kupitia biashara ya matangi ya samaki, na Hygrophila polysperma, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa kuwa hukua bila usumbufu, imo katika orodha ya serikali ya Marekani ya magugu hatari. Mmea ukitanda juu ya maji huizibia mimea ya asili mwanga, na unapooza kwa wingi huimaliza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea.

Vilivyo vizima wape wakuzaji wengine. Vifungie ndani ya gazeti lililoloweshwa, kisha ndani ya mfuko wa plastiki, viwekwe kivulini, navyo vitavumilia siku mbili tatu za safari. Mpokeaji avisuuze kwa maji safi na kukagua upande wa chini wa majani, ambako mayai ya konokono hukaa kama tone la ute lenye nukta ndani yake. Usivimwage chooni wala kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu mifereji mingi huishia mtoni. Vilivyobaki vitandaze juani, tabaka liwe jembamba, hadi ukivishika viwe vinavunjika kama majani makavu. Hapo hakuna jicho lililo hai tena, na unaweza kuvichanganya na mboji ya bustani.